Ana krediti 70, mbona wamemkataa?

Swali hili huulizwa na wazazi zaidi kuliko wanafunzi wenyewe. Mimi ni mshauri wa masomo katika koleji ya jamii hapa California, na Waswahili wa huku wakishajua kuna mwenzao ofisini, simu haitulii hata Jumapili. "Mwalimu, mtoto kasoma miaka mitatu, hajafeli hata somo moja, ana krediti 70. Mbona UC wamemkataa?" UC ni Chuo Kikuu cha California chenye kampasi kadhaa, na mwanafunzi wa koleji huomba kuhamia huko kumalizia shahada.

Huwa naomba kwanza transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake. Nakuta saikolojia, sosholojia, historia ya Marekani, historia ya sinema, Kiingereza mara mbili, takwimu, mazoezi ya viungo. Alama nzuri kabisa. Halafu naambiwa kijana ameomba uhandisi wa mitambo. Kalkulasi haimo hata moja.

Ni kweli kwamba UC na CSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la California, mfumo mwingine wa umma) hutaka krediti 60 za semista ili upokewe mwaka wa tatu. Ila hizo zinakufanya tu uhesabike kuwa mwombaji. Kinachoamua ni masomo ya fani uliyoomba, na fani nyingine masomo yake ni mnyororo. Kalkulasi ya pili haisomwi kabla ya ya kwanza, wala ya tatu kabla ya ya pili. Fizikia ya wahandisi nayo inataka uwe umeshaigusa kalkulasi. Anayesema "hesabu nitamalizia mwishoni" anajikuta krediti zimejaa na mnyororo haujaanza. Ndiyo maana aliyetoka nyumbani na PCM (fizikia, kemia na hesabu) ya kidato cha sita namshauri aingie kalkulasi muhula wa kwanza, asikubali kurudishwa nyuma eti apashe moto.

Basi chagua fani na vyuo viwili vitatu unavyovitaka kabla ya kujisajili darasa lolote, kisha fungua tovuti ya ASSIST. Ni bure. Unaweka koleji yako, chuo kikuu na fani, unapata jedwali: kushoto kozi ya chuo kikuu, kulia ile ya koleji yako inayolingana nayo. Palipoandikwa kuwa hakuna inayolingana, uliza koleji ya jirani, kwa sababu California ina koleji za jamii 116 na hakuna anayekukataza kuchukua somo moja kwingine. Fanya zoezi hilo kwa kila kampasi. Uchumi wa UC Davis na uchumi wa UC Berkeley si lazima vidai masomo yaleyale.

Masomo ya jumla, yale ya nje ya fani, yamerahisishwa. Tangu vuli ya 2025 kuna mpango mmoja, Cal-GETC, wenye kozi 11 na krediti 34, unaokubalika UC na CSU pia. Wa historia au sosholojia aumalize wote. Mhandisi asiukimbilie, fani kwanza.

Kuna ahadi mbili ambazo watu huzisikia nusu. TAG ni uhakika wa nafasi kwa anayehamia kutoka koleji akitimiza masharti, katika kampasi sita za UC: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unachagua moja tu, fomu inapelekwa Septemba, na baadhi ya kampasi zimeziondoa fani zenye msongamano. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo kabisa. Kwa upande wa CSU kuna ADT, shahada ya koleji iliyopangwa kwa ajili ya kuhamia, iliyotokana na sheria ya 2010. Hiyo inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU, si katika kampasi unayoiota.

Na wale wanaoona haya kusema mtoto "yuko koleji tu": mkazi wa California analipa dola 46 kwa krediti, yaani 2,760 kwa zote 60, na shahada atakayopewa mwishoni ni ileile ya mwenzake aliyeingia chuo kikuu tangu mwaka wa kwanza. Ukazi kwa ajili ya ada unataka mwaka mmoja na siku moja, kwa hiyo aliyehamia juzi kutoka Texas afanye hesabu hiyo kwanza.

Maombi ya UC hupelekwa Oktoba na Novemba. Wengi wakishabonyeza kitufe huona wamemaliza, kumbe Januari kuna fomu nyingine ya kujaza alama za vuli na masomo ya muhula unaofuata. Asiyeijaza anaweza kuachwa na alama zake nzuri mkononi.

Vyuo binafsi na vya majimbo mengine mara nyingi havimo ASSIST. Huko krediti hupimwa kozi kwa kozi, na anayepima atataka kuona silabasi: vitabu, mada za kila wiki, saa za maabara. Hifadhi silabasi ya kila darasa tangu siku ya kwanza, pamoja na zile za Dar au Nairobi kama ulishasoma chuo huko, maana kuzifuatilia ukiwa huku ni kazi nyingine.