Persha Liha ni daraja la pili, jamani

Shemeji yangu anasoma Warsaw, juzi kanitumia voisi ndefu anasema viza ya Ukraine ameshapata na anasafiri kwenda mji wa Chernivtsi kuangalia mechi ya Bukovyna, timu ya huko, eti anaenda kuona "ligi namba moja ya Ukraine", na vigogo wa nchi hiyo kina Dynamo Kyiv na Shakhtar nao watafika pale msimu huu huu. Nikamuuliza hiyo ligi imeandikwaje, akajibu Persha Liha. Haijapita hata siku mbili, kijana mmoja kijiweni kwetu akasema Persha Liha ni sawa na First League yetu ya Tanzania, yaani daraja la tatu. Wote wawili wamekosea, mmoja kaipandisha mwingine kaishusha, na mimi hii nimeisikia mara nyingi mno sasa.

Persha Liha ni daraja la pili la mpira wa Ukraine. Juu yake ipo Premier-Liha, chini yake Druha Liha, na zote tatu ni ligi za wachezaji wa kulipwa. Maana ndo hiyo tu, haina zaidi.

Tatizo liko kwenye jina. Persha kwa Kiukraine ni "ya kwanza", liha ni ligi, kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno anapata ligi ya kwanza na anaona kamaliza. Ila ya kwanza kuanzia wapi? Enzi za Sovieti, Ukraine ikiwa bado ndani yake, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ligi ya juu haikuwa na namba kabisa, iliitwa Vysshaya Liga, ligi ya juu kuliko zote, halafu namba ndo zinaanza chini yake, Pervaya ya kwanza, Vtoraya ya pili. Ukraine ilipoanzisha ligi yake mwaka 1992 (bingwa wa kwanza alikuwa Tavriya Simferopol, aliwafunga hao hao Dynamo 1-0 kwenye fainali) ikabaki na mpangilio ule ule kwa lugha yake: Vyshcha, Persha, Druha. Mwaka 2008 Vyshcha ikabadilishwa jina ikawa Premier-Liha, za chini zikaachwa na majina yao. Neno lililokuwa linakuonyesha kwamba kuna kitu juu ya hiyo "ya kwanza" likaondoka, mgeni kaachiwa namba peke yake.

Na ni liha, sio liga. Herufi ni moja, Warusi wanaisoma g, Waukraine wanaisoma h. Ukifika pale ukasema Pervaya Liga watu watakuelewa vizuri tu, lakini umewatamkia ligi yao kwa Kirusi, na kwa vita ya Urusi inayowapata miaka hii hilo linauma.

Mtanzania ndo hakutakiwa kupotea kabisa hapa. Kwa miaka mingi tulikuwa na Ligi Kuu halafu chini yake Ligi Daraja la Kwanza, na timu ikienda Daraja la Kwanza kila mtu alijua imeshuka, mtaa mzima una huzuni. Mpangilio ni ule ule wa Ukraine! Kilichotuvuruga ni mwaka 2021, TFF walipobadilisha majina, Daraja la Kwanza ikawa Championship, Daraja la Pili ikawa First League, kwa hiyo aliyeanza kufuatilia mpira baada ya hapo "ya kwanza" kwake ni daraja la tatu, na akiangalia Uingereza anakuta League One nayo ni ya tatu tangu 2004, basi anajiona yuko sahihi. Wewe hesabu ligi zisizo na namba zilizokaa juu. Ukraine ipo moja tu, kwetu sasa hivi zipo mbili, Uingereza mbili. Hapo ndo utajua hiyo "ya kwanza" imekaa ngazi gani.

Halafu kuna wanaosema hizo si ni mechi za mchangani tu, mtu anatoka nchi moja kwenda nyingine kuangalia nini. Hili ndo linanikera kuliko yote. Karpaty Lviv, timu ya Ukraine, walibeba Kombe la Sovieti mwaka 1969 wakiwa daraja la pili, na hakuna timu nyingine ya daraja hilo iliyowahi kulibeba. Na tangu mpira uliosimamishwa na vita urudi Agosti 2022, hizi mechi zinachezwa hivi: king'ora cha shambulio la anga kikilia wachezaji wanatoka uwanjani kwenda handakini, wakiruhusiwa wanarudi kumalizia dakika zilizobaki. Mchangani pana heshima yake, ila huku sio mchangani.

Kwa hiyo shem, safari usiiahirishe. Anga ya Ukraine imefungwa tangu Februari 2022, ndege hakuna, panda treni mpaka Przemyśl, mji wa Poland ulio mpakani, uvuke hapo kwenda Lviv ndo ushuke Chernivtsi, na ukifika uwanjani uliza kwanza handaki liko upande gani. Dynamo hutawaona. Utakaowaona ni Bukovyna, timu ya daraja la pili, na hao ndo uliokuwa umewafuata tangu mwanzo, ila jina tu ulilisoma vibaya.