Kishikwambi kidogo kina maana? iPad mini, kidole na ukurasa wa A4

Watu wanaponiuliza kama toleo dogo la kishikwambi mashuhuri lina maana, karibu wote huuliza habari ya kioo: je, kinatosha kusomea, kinatosha kuangalia filamu, kinatosha kufanyia kazi? Mimi hubuni violesura vya programu, yaani mpangilio wa vitufe, maandishi na picha anaokutana nao mtumiaji, na katika kazi hiyo nimejifunza kuanza na mkono. Kishikwambi kidogo kina maana pale ambapo kifaa kitashikwa mkononi muda mwingi kuliko kitakavyowekwa mezani, na pale tu ambapo vitufe vyake vimebaki na ukubwa unaokifaa kidole cha binadamu. Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko mingine ni iPad mini, kwa sababu kampuni ya Apple ilianza kwa kueleza hadharani kwa nini kifaa cha namna hiyo hakifai, kisha ikakitengeneza.

Tarehe 18 Oktoba 2010, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alishiriki katika mkutano wa simu wa kutangaza mapato ya kampuni, akazungumzia vishikwambi vya inchi 7 vilivyokuwa vikiingia sokoni wakati huo. Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Inchi za kioo hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, kwa hiyo mnunuzi anayesikia namba 7 na namba 10 hudhani kwamba anapata asilimia 70 ya kioo, ilhali eneo lenyewe, kwa hesabu ya Jobs, lilikuwa asilimia 45 tu. Alisema kwamba kuongeza pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha kwenye kioo, kunasaidia kwa kiasi fulani lakini hakutatui tatizo, kwa kuwa kidole cha mtu hakipungui kioo kinapopungua; ingebidi kifaa kiuzwe pamoja na karatasi ya msasa ili mtumiaji avisugue vidole vyake hadi vibaki robo. Hoja yake ya pili haikumbukwi sana: kila mwenye kishikwambi tayari ana simu mfukoni, hivyo haina maana kupunguza kioo kwa ajili ya kubebeka, wakati katika kubebeka simu itashinda daima.

Ndani ya kampuni mjadala haukuwa umefungwa. Barua pepe ya Januari 2011 ya Eddy Cue, mmoja wa wakuu wa Apple, iliyotolewa mahakamani Agosti 2012 katika kesi kati ya Apple na Samsung, ilieleza kwamba yeye aliamini soko la inchi 7 litakuwepo na kwamba kampuni inapaswa kulihudumia, na kwamba Jobs alikuwa ameonekana kulipokea wazo hilo. Jobs alifariki Oktoba 2011. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Oktoba 2012, iPad mini ikazinduliwa mjini San Jose, California, ikiwa na kioo cha inchi 7.9 na bei ya kuanzia dola 329.

Wengi waliona kwamba Apple imekana maneno yake. Mimi naona kwamba iliyatii kwa uangalifu mkubwa, na ushahidi wangu ni namba 163. iPad ya kwanza ilikuwa na kioo cha inchi 9.7 chenye pikseli 1024 kwa 768, sawa na pikseli 132 katika kila inchi. iPad mini ilipewa pikseli zile zile, 1024 kwa 768, katika inchi 7.9, na msongamano ukawa pikseli 163 kwa inchi. Huo ndio msongamano uliokuwa kwenye iPhone ya kwanza ya mwaka 2007. Mwongozo wa Apple kwa wabunifu unataka kila kitu cha kuguswa kiwe na angalau pointi 44 kila upande; pointi ni kipimo cha wabunifu wa violesura, na katika vioo hivyo viwili pointi moja ilikuwa pikseli moja. Kwenye iPad kubwa, pointi 44 zilikuwa na upana wa milimita 8.5 hivi, kwenye iPad mini zikawa milimita 6.9, kipimo ambacho mamilioni ya watu walikuwa wamekizoea kwa miaka mitano kwenye simu zao. Kama kioo kingekuwa cha inchi 7 kamili chenye pikseli hizo hizo, msongamano ungefika 183 na kitufe kingeshuka hadi milimita 6.1. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa na watumiaji na kuhesabu mara wanazogusa mahali pasipokusudiwa anajua kwamba makosa huongezeka haraka mno kitufe kinapozidi kupungua.

Faida ya kubakiza pikseli zile zile ilikuwa kwamba programu zote za iPad, ambazo Apple ilisema zilikuwa zaidi ya 275,000, zilifunguka kwenye kifaa kidogo siku hiyo hiyo bila mtengenezaji kugusa chochote. Vishikwambi vidogo vya Android vya mwaka ule, kama Nexus 7 iliyouzwa kuanzia dola 199, vilikuwa na bei nzuri na kioo chenye pikseli nyingi zaidi kwa inchi, ila sehemu kubwa ya programu zake zilikuwa za simu zilizotanuliwa tu. Uwiano wa pande nao ulikuwa na uzito wake. Kioo cha inchi 7 kilichokuwa chembamba na kirefu kilikuwa na eneo la sentimita za mraba 142 hivi, ilhali inchi 7.9 za iPad mini, kwa kuwa umbo lake lilikaribia mraba, zilitoa kama sentimita za mraba 193. Iliyozidi kwa theluthi moja na zaidi ni nafasi ya kusomea, huku tangazo likionyesha tofauti ya inchi 0.9 tu.

Hasara ilikuwepo pia, na iliwaangukia watumiaji wa programu ambazo wabunifu wake hawakuheshimu mwongozo. Kitufe cha pointi 30 kwenye iPad kubwa kilikuwa na milimita 5.8, kikitumika kwa taabu. Kwenye mini kilishuka hadi milimita 4.7, na mtu akabaki akigusa mara mbili au tatu kabla ya kufungua alichotaka. Maandishi nayo yalipungua hadi asilimia 81 ya ukubwa wake wa awali. Kwa hiyo nasisitiza kwa wabunifu wenzangu kwamba kiolesura kijaribiwe kwanza kwenye kioo kidogo kuliko vyote, kwa kidole halisi, kabla ya kukipamba kwenye kompyuta.

Sasa tuje kwenye mkono. iPad kubwa iliyozinduliwa siku ile ile ilikuwa na uzito wa gramu 652 na upana wa milimita 185.7, mini ilikuwa na gramu 308 na upana wa milimita 134.7. Upana huo unamwezesha mtu mzima mwenye mkono wa wastani kukizungushia kifaa kiganja kutoka upande hadi upande, bila kukibana kwa dole gumba kwenye kona. Ili kufika hapo, Apple ililazimika kupunguza ukingo wa pembeni ya kioo, jambo lililomaanisha kwamba dole gumba lingelala juu ya kioo chenyewe. Ndipo programu endeshi ikapewa uwezo wa kutofautisha dole lililopumzika tu na dole linalogusa kwa kusudi. Ninaiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi bora za usanifu katika kifaa kile, na haisifiwi ipasavyo, kwa sababu inapofanikiwa hakuna anayeiona.

Ni kwa sababu ya mkono ndiyo maana marubani wa ndege ndogo hufunga iPad mini pajani na kuitumia kwa ramani za anga, mahali ambapo kishikwambi kikubwa kingezuia usukani. Huku kwetu, Tanzania ilipofanya Sensa ya Watu na Makazi Agosti 2022, makarani walizunguka kaya kwa kaya wakiwa na vishikwambi, kama walivyofanya makarani wa Kenya katika sensa ya Agosti 2019. Kazi ya karani ni ya kusimama mlangoni, mkono mmoja ukiwa umeshika kifaa na mwingine ukijaza dodoso, huku macho yakipaswa kumwangalia anayehojiwa. Kila gramu inayopungua hapo ni nafuu ya kweli. Lakini baada ya sensa, vishikwambi vya Tanzania viligawiwa kwa walimu, na kazi ya mwalimu ni nyingine kabisa: anataka kufungua muhtasari wa somo, kuandaa andalio la somo, kusoma kitabu cha kiada kilichohifadhiwa kama kurasa za karatasi. Mtu huyo anahitaji kioo kipana, na uzito humsumbua kidogo tu kwa kuwa kifaa kiko mezani.

Kurasa hizo ndizo mtihani mgumu kuliko yote kwa kishikwambi kidogo. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. iPad mini iliyozinduliwa Oktoba 2024, ikiwa na kioo cha inchi 8.3, ina upana wa kioo wa milimita 116 hivi ikishikwa wima, kwa hiyo ukurasa mzima wa A4 huonyeshwa kwa asilimia 55 ya ukubwa wake, na herufi za pointi 12 (hapa pointi ni kile kipimo cha herufi za kuchapwa) huonekana kama za pointi 6.6, karibu na zile zinazochapishwa kwenye karatasi ya maelekezo ya dawa. iPad ya kawaida ina upana wa milimita 158 hivi, ambao huupa ukurasa huo asilimia 75, na herufi huwa kama za pointi 9, ukubwa unaosomeka bila shida. Ukiilaza mini upande, herufi hupanda hadi pointi 10 hivi, ila unaona chini kidogo ya nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja, na jedwali au mchoro ulioenea ukurasa mzima hukatika. Vitabu vya kielektroniki ambavyo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo havina tatizo hili, na kwa kusoma riwaya kitandani sijaona kishikwambi kinachoizidi mini.

Hapa inchi hudanganya tena. Mini za mwaka 2012 hadi 2019 zilikuwa na kioo cha inchi 7.9 chenye upana wa milimita 120, na mwaka 2021 kioo kilipopanda hadi inchi 8.3, watu walidhani kila kitu kimekua. Kilichokua ni urefu, kutoka milimita 160 hadi 177 hivi. Upana ulipungua kwa milimita 4 na zaidi. Kwa filamu na mchezo hiyo ni faida, kwa ukurasa wa A4 ni hasara, na hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kusoma namba ya inchi kwenye boksi.

Nimerudi mara kadhaa kwenye ile hoja ya pili ya Jobs, kwa kuwa muda umeipa nguvu ambayo haikuwa nayo mwaka 2010. Wakati huo kioo cha iPhone kilikuwa na inchi 3.5, eneo la kama sentimita za mraba 36, na iPad mini ilipokuja ilikuwa na eneo mara tano na zaidi ya hilo. iPhone 16 Pro Max ya mwaka 2024 ina kioo cha inchi 6.9 chenye sentimita za mraba 117 hivi, na mini ya inchi 8.3 ina kama 204, ambayo hata mara mbili haifiki. Mwenye simu kubwa ya aina hiyo hupata nyongeza ndogo kwa kununua kishikwambi kidogo, wakati mwenye simu ya inchi 6 au chini yake bado anaona tofauti ya kweli.

Bei nayo imegeuka. Mwaka 2012 iPad mini ilianzia dola 329 na iPad kubwa mpya dola 499, hivyo mini ilikuwa mlango wa kuingilia kwa mwenye fedha kidogo. Mini ya mwaka 2024 ilianzia dola 499 nchini Marekani, na iPad ya kawaida ya Machi 2025 ikaanzia dola 349, zote zikiwa na hifadhi ya gigabaiti 128. Mini ina chipu yenye nguvu zaidi na inatumia kalamu iliyo bora, na gramu zake 293 dhidi ya 477 ni tofauti unayoihisi mara moja mkononi, lakini aliyekuja kutafuta cha bei nafuu kwa sababu ni kidogo atashangaa. Kwa mwanafunzi anayesoma hati za A4, ningemshauri achukue kikubwa, na dola 150 zinazobaki zimsaidie kununua kibodi na kasha imara.

Kwa aliye katikati, asiyejua yuko upande gani, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Chukua hati unayoisoma mara nyingi zaidi, chapisha ukurasa wake mmoja kwa asilimia 55 na mwingine kwa asilimia 75, kisha zisome zote mbili hadi mwisho kwa taa unayosomea usiku, ukiwa umekaa au umelala jinsi ulivyozoea.