Je, wajua kwa nini bunduki iliyogongwa 1942 inaweza kuwa ya mwaka 1896?

Chukua M39, yaani Mosin, bunduki ya jeshi la Urusi, iliyoundwa upya nchini Finland. Juu ya mtutu, pale unapoingia kwenye risiva (kiwiliwili cha chuma kinachobeba komeo), pamegongwa 1942, na yeyote atakayeiona atasema ni bunduki ya Vita Kuu ya Pili. Sasa fungua skrubu mbili, itoe kwenye ubao wake, igeuze tumbo juu. Chini ya mkia wa risiva unakuta mwaka mwingine: 1896.

Kwa Marekani, ambako bunduki hizi zimeuzwa kwa wingi, hilo si jambo dogo. Sheria ya huko huihesabu risiva kuwa ndiyo bunduki yenyewe, na silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huingia kundi la vitu vya kale, lisilobanwa na masharti ya kawaida ya serikali kuu. Namba ambayo haionekani mpaka ubao utoke ndiyo inayoamua.

Sababu yake ni hii: Finland haikuwahi kutengeneza risiva ya Mosin hata moja. Ilirithi bunduki za jeshi la mfalme wa Urusi ilipojitenga mwaka 1917, ikanunua nyingine Ulaya, ikateka nyingine vitani. Mitutu iliyochakaa iling'olewa, mipya ikafungwa. Mwaka wa juu ni umri wa mtutu. Umri wa risiva umejificha chini. Wasovieti nao walifanya hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa, na ndiyo maana Mosin ina mihuri mingi kama pasipoti ya dereva wa malori ya masafa.

Jina lenyewe lina maelezo. Warusi waliiita "ya mistari mitatu". Mstari ulikuwa kipimo chao, sehemu ya kumi ya inchi, kwa hiyo mistari mitatu ni inchi 0.3, yaani milimita 7.62. Sergei Mosin ndiye aliyebuni sehemu kubwa. Mbelgiji Léon Nagant akachangia upande wa magazini. Ilipitishwa mwaka 1891. Risasi yake, 7.62×54R, ingali kazini: ndiyo inayolishwa bunduki ya rashasha PKM. Na ile R haimaanishi Urusi, ingawa utalisikia hilo hata kwa wauzaji. Ni ukingo wa kitako cha ganda, uliotokeza nje kama ukingo wa kofia.

Kabla ya kusoma chapa yoyote, fungua komeo, tazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Halafu vuta komeo nyuma huku umebana kifyatulio. Litatoka lote mkononi. Zungusha ufito wa kusafishia, ulio chini ya mtutu, mpaka uachie. Bonyeza chemchemi za pete mbili, sogeza pete mbele, ondoa ubao mdogo wa juu. Skrubu ya nyuma inafunguliwa kutoka juu, kwenye mkia wa risiva. Ya mbele kutoka chini, mbele ya magazini. Tumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Nyembamba itauchana, na skrubu iliyochanika ni alama ya kwanza anayoiona mnunuzi.

Bunduki ya ghalani huwa imezama kwenye grisi nzito ya rangi ya asali iliyochacha, nayo hujaza chapa mpaka zisomeke vibaya. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha sugua kwa mswaki wa meno. Usishike brashi ya waya wala msasa. Chapa za kwenye chuma zitalika, na za kwenye mbao, ambazo zilibonyezwa kijuujuu tu, zitapotea kwa dakika tano. Chapa isiposomeka, pakaa chaki juu yake na ufute kwa kiganja; chaki hubaki kwenye mashimo.

Sasa viwanda. Nyota yenye pembe tano ni Tula. Pembetatu yenye mshale ndani ni Izhevsk. Vipande vya zamani vya kiwanda hicho vina upinde na mshale. Herufi C iliyochomwa na mshale ni Sestroretsk, kwani C ya Kirusi husomwa S. Tai mwenye vichwa viwili ni alama ya utawala wa kifalme, na mara nyingi utamkuta amekwanguliwa baada ya mapinduzi. Bunduki za wakati wa vita ni za Izhevsk kwa wingi mno. Tula ilikaribia kuzingirwa mwishoni mwa 1941 na mitambo yake ikahamishiwa mashariki, hivyo nyota ya Tula yenye mwaka 1942 ni adimu. Ukiletewa moja kwa bei ya kutupa, usikimbilie pochi.

Baada ya mwaka utaona alama inayofanana na r ndogo. Wengi hudhani ina maana ya bunduki iliyokarabatiwa. Hapana. Ni herufi ya Kirusi г, kifupi cha neno lao la "mwaka", kama sisi tunavyoandika "Mwl." mbele ya jina la mwalimu.

Umbo la risiva nalo ni ushahidi. Za zamani zina bapa juu yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 zikawa duara, kwa kuwa mviringo huchongwa haraka kwenye mashine ya kerezo. Zile za 1942 na 1943 zina mikwaruzo ya kisu cha kerezo ambayo ukucha unaihisi. Hiyo si kutu wala uzembe wa mwenye nayo. Kiwanda kilikuwa kinakimbizana na vita, na mkwaruzo wa nje hauzuii risasi kutoka.

Kwenye namba ndipo wengi wanapoliwa pesa. Namba ya bunduki imegongwa sehemu nne: kwenye mtutu, kwenye mwili wa komeo, kwenye kifuniko cha chini cha magazini, na kwenye bamba la chuma la kitako. Zote nne zikifanana, muuzaji hutangaza kwamba bunduki "haijaguswa". Lakini baada ya vita maghala ya Kisovieti yalizipokea bunduki kwa mamilioni, yakazibomoa, yakatupa vipande kwenye mapipa, yakakagua, kisha yakaunganisha chochote kilichokaa sawa. Mwishoni fundi aligonga namba ya mtutu kwenye vipande vingine vyote. Zinafanana, ndiyo; hazikuzaliwa pamoja.

Utajuaje? Linganisha maumbo ya tarakimu. Zikiwa na unene na mkato tofauti na za kwenye mtutu, ziligongwa baadaye. Tafuta namba ya zamani iliyopigwa mstari katikati, au iliyosagwa ikaacha bonde dogo. Imulike tochi kwa ubavu na kivuli kitakuonyesha. Namba nyembamba inayotetemeka, kama ya mtoto anayejifunza kuandika, imechorwa kwa kalamu ya umeme. Zaidi ya hapo kuna mhuri wa mraba uliokatwa na mstari wa mshazari, ambao ni muhuri wa ukarabati unaojulikana zaidi. Magazini iliyopakwa rangi nyeusi. Na ubao unaong'aa wekundu kwa vanishi ya shelaki. Bunduki ya mwaka 1943 yenye ubao unaometa kama kabati la bibi harusi imepita karakana.

Kuna kosa moja zaidi, na hili ni la usalama. Watu hudhani komeo lenye namba inayofanana ni hakikisho kwamba bunduki inafaa kupigwa. Namba iko kwenye mwili wa komeo. Kichwa cha komeo, chenye masikio mawili yanayojifunga kwenye risiva na kubeba mshindo wote, ni kipande tofauti kinachochomoka, na hakina namba hiyo. Nafasi kati ya uso wa kichwa hicho na ukingo wa risasi hutegemea hicho kichwa, wala si mwili. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi moto ikarudi kwa mpigaji. Ni fundi mwenye vipimo maalumu vya chuma anayeweza kukupa jibu, siyo tarakimu.

Karabini, yaani Mosin fupi, zina vurugu yake. M38 ina urefu wa sentimita 102 hivi, haina singe. M44 ni fupi vilevile lakini singe yake imefungwa hapo hapo na hukunjwa ubavuni kulia. Maghala yalipoishiwa mbao za M38 yalitumia za M44, kwa hiyo utakuta M38 ambayo ubao wake una mfereji upande wa kulia, umetulia ukisubiri singe isiyokuwepo. Hiyo si bandia. M44 zilitengenezwa pia nje ya Urusi: 11 ndani ya duara la yai ni Poland, 02 ni Hungaria, na ile ya China huitwa Aina ya 53 na ina maandishi ya Kichina.

Bandia wamejaa kwenye bunduki za wadunguaji, kwa sababu bei yake hupanda mara kadhaa. Vita vilipokwisha nyingi zilivuliwa darubini zikarudishwa kuwa za askari wa kawaida. Hizo zina mashimo mawili makubwa upande wa kushoto wa risiva, yamezibwa na kusawazishwa, na namba ya darubini kwenye mtutu imepigwa mstari. Leo kuna mafundi wanaotoboa mashimo mapya kwenye bunduki ya kawaida na kufunga darubini mpya. Angalia ndani ya ukuta wa risiva: tundu jipya lina kingo kali na chuma cheupe. Halafu tazama mtutu. Mahali pa namba ya darubini pakiwa patupu, na chuma hakina dalili ya kusagwa, hapo pana maswali.

Bunduki iliyopita Finland ina SA ndani ya kisanduku, chapa ya jeshi la huko kuanzia 1942, na mara nyingi D, inayoonyesha chemba iliyofaa risasi yao ya D166. Ubao wake huwa wa vipande viwili vilivyounganishwa kwa meno, mithili ya vidole vilivyofumbatana.

Chapa ya mwisho kugongwa ni ya mwagizaji. Tangu sheria ya 1968, anayeingiza bunduki Marekani hulazimika kugonga jina na mji wake. CAI ST ALB VT, kwa mfano, ni Century Arms ya St. Albans, Vermont. Wazo hilo halina ugeni kwetu: Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazidai nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zihakikishe silaha zinagongwa alama zinapotengenezwa na zinapoingizwa, ili ikikutwa porini ifuatiliwe ilikotoka. Kwa wakusanyaji mambo ni kinyume. Bunduki isiyo na chapa hiyo inaweza kuwa iliingia kabla ya 1968, au ilibebwa na askari kutoka Korea au Vietnam, na hulipiwa zaidi. Ndiyo maana wapo wanaoisaga. Pitisha ukucha chini ya mtutu, karibu na mdomo: ukizama kidogo, na weusi wa hapo ukawa mpya kuliko wa pembeni, rudisha bunduki kwa mwenyewe.