Kigogota haui mkorosho

Huko Newala na Tandahimba, kigogota akisikika anagonga mkorosho wapo wanaokimbilia manati: eti ndiye anayeutoboa mti hadi ukauke. Anasingiziwa. Mharibifu yumo ndani ya shina, funza wa mbawakavu anayetafuna chini ya gome. Mkulima humjua kwa utomvu uliochanganyika na kinyesi cheusi. Ndege hufuata funza kama hao, huwavuta kwa ulimi mrefu. Kiota huchimba zaidi kwenye mti au tawi lililokwisha kufa.

Tena vigogota si aina moja. Mdogo mwenye michirizi kifuani huzoea hata mashamba na bustani. Mkubwa mwenye mabaka meusi usoni hutaka miti mikubwa ya pori kavu. Wa kuringia ni kigogota wa Stierling, tumbo lake kama magamba ya samaki: duniani hupatikana tu kwenye miombo ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na sehemu ya Malawi. Wekundu wa kichwani usikubabaishe. Mara nyingi hutenganisha dume na jike, si aina. Tazama kifua na uso kwanza.