Je, wajua kwa nini riwaya ya mwezi mmoja hudaiwa maneno 50,000?

Kwa miaka mingi, kila Novemba, watu wa nchi mbalimbali walijifungia na kalamu au kompyuta, wakajaribu kuandika riwaya nzima kwa siku 30, katika shindano liitwalo NaNoWriMo. Sharti kubwa lilikuwa moja: maneno 50,000. Ukigawa, ni maneno 1,667 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Lakini kwa nini 50,000? Nani alipima?

Julai 1999, Mmarekani aitwaye Chris Baty aliwakusanya rafiki zake wa eneo la San Francisco, jumla wakawa 21, waandike riwaya kwa mwezi mmoja. Ili kujua riwaya iwe na urefu gani, alichomoa kwenye rafu yake riwaya fupi kuliko zote, akakadiria maneno yake, akapata kama 50,000. Basi. Namba hiyo haikutoka chuo kikuu wala kwa mchapishaji. Imetoka kwenye rafu ya mtu mmoja. Mwaka ule walimaliza sita. Mwaka 2000 shindano lilihamishiwa Novemba kwa makusudi, kwa kuwa kwao hali ya hewa huwa mbaya na mtu hana hamu ya kutoka. Wakajitokeza 140, wakamaliza 29.

Kinachowafikisha watu mwisho ni ile kanuni ya kutorudi nyuma kusahihisha. Kutunga na kuhariri ni kazi mbili, na ukizichanganya, sura ya kwanza utaiandika mara kumi na ya pili hutaiona. Kusahihisha kuna wakati wake. Mwandishi Mmarekani Erin Morgenstern alianzia riwaya yake iliyotoka 2011 kwenye Novemba hizo, kisha akaiandika upya mara kadhaa kabla haijawa kitabu.

Mimi nilijaribu kwa kaunta buku, mvua za vuli zikinyesha na umeme ukikatika karibu kila jioni. Mstari wangu ulibeba maneno saba hivi, ukurasa mistari 30, yaani maneno 210. Ili nitimize 1,667 ilinibidi nijaze kurasa nane kila usiku. Kufikia siku ya tisa kidole cha kati kilikuwa kimeota sugu na deni langu lilikuwa kurasa kumi na nne. Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama maneno yenyewe.

Chukua sentensi hii: “Hawajatuletea maji.” Kwetu ni maneno mawili. Mwingereza akitaka kusema hayo hayo hutumia sita. Lifungue hilo neno la kwanza uone: *ha* inakanusha, *wa* ni wao, *ja* inasema mpaka sasa bado, *tu* ni sisi, *let* ndicho kiini cha kitenzi, *e* inaonyesha kwamba kuleta huko ni kwa ajili yetu, na *a* inafunga. Sentensi nzima imejikunja ndani ya neno moja, na mhesabuji anakupa alama moja tu. Vivyo hivyo “alipomwona”, “nitakapokuambia”, “wangalitusubiri”. Ni kweli tunazo *ya*, *wa* na *cha* zinazojazia hesabu, lakini Kiingereza nacho kina vijineno vyake vinavyotangulia nomino, ambavyo sisi hatuna. Kwa hiyo anayefikisha maneno 50,000 kwa Kiswahili, kwa kawaida ameandika kitabu kinene kuliko mwenzake wa Kiingereza. Nasema hili kwa uchungu, maana wapo wanaokata tamaa wakidhani ni wavivu, kumbe wanapimwa kwa kipimo cha lugha nyingine.

Usiku ule niliacha kuhesabu maneno, nikajipa kurasa tano kwa siku, nikalifuta deni. Novemba 30 nilikuwa na hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Shirika lililokuwa likisimamia shindano lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga milango, kwa hiyo hakuna tena wa kukupa cheti, na hakuna wa kukuzuia kupanga namba yako. Anayeniuliza humwambia alenge maneno 35,000 ya Kiswahili. Hayo ni 1,167 kwa siku, kama kurasa tano na nusu za kaunta buku, na mtu aliyerudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni anaweza kuzimaliza kabla ya saa nne usiku.