"Basi Mungu kaumbwa na nani?" Hilo swali haliui hoja kama unavyodhani

Kwenye kila mjadala wa kuwepo kwa Mungu hakosekani mtu wa kusema, nyie si mnadai kila kitu kina chanzo, haya chanzo cha Mungu nini? Na watu wanaona kesi imeisha hapo.

Jamani, Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyetetea hoja hii ya chanzo na kufariki mwaka 1111, hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema kila KINACHOANZA kuwepo kina kilichokisababisha, ulimwengu ulianza, kwa hiyo una chanzo. Mungu anayemtetea hakuanza, sasa hilo swali linamgusa wapi? Kataa ukitaka, ila kataa alichosema yeye.

Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ndo anashangaza wengi, maana yeye alikiri kwamba kwa akili tu huwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza, na bado akatetea chanzo cha kwanza. Mfano wake ni fimbo, haisogezi kitu mpaka mkono uisogeze, yaani anaongelea kinachotegemea kingine sasa hivi hapa hapa, sio nani alianza zamani.

Ukitaka kuibana hoja kweli nenda kwa David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, aliuliza kama kila kiungo cha mnyororo kimeshaelezwa na kilichokitangulia, mnyororo mzima unadai maelezo gani tena? Hapo pagumu kwelikweli. Na hata chanzo kikipatikana, kuonyesha kwamba ndiye huyo Mungu anayesikia dua inahitaji hoja nyingine kabisa, Aquinas mwenyewe aliendelea kurasa kibao baada ya hapo.