Kwa nini kozi ya ususi na urembo huchukua miezi mitatu hapa na miaka miwili pale?

Pita Kondele jijini Kisumu au tembea katikati ya jiji la Nakuru, na hutakosa bango la chuo kidogo juu ya ghorofa linaloahidi kumfunza mtu ususi kwa miezi mitatu. Ukiingia taasisi ya kiufundi ya serikali kuulizia kazi hiyo hiyo, utaambiwa mwaka mmoja, hata miaka miwili. Mzazi mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne hubaki akijiuliza ni nani anayemdanganya.

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Kila mmoja anapima kitu tofauti.

Miezi mitatu inapima mikono. Wasichana wengi wa huku kwetu huingia chuoni wakiwa wameshasuka matuta ya ndugu zao tangu shule ya msingi. Mtu kama huyo akikaa na mkufunzi kila siku, wiki kumi na mbili zinamtosha kuosha, kukausha, kusuka rasta, kushona nywele bandia (weave) na kuseti kichwa kikapendeza. Anaweza kuajiriwa saluni siku inayofuata, hasa Desemba, watu wanaposafiri nyumbani na kila kiti kina mteja. Sioni ubaya wowote katika kozi hiyo, mradi mwanafunzi ajue inaishia wapi.

Inaishia pale dawa inapoanza. Nywele zimejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake hushikiliwa pamoja na viungo vya salfa. Rilaksa hunyoosha nywele kwa kuvivunja viungo hivyo. Rilaksa kali ya sodiamu haidroksaidi huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 14, ilhali ngozi yetu iko karibu na 5, na katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Ndiyo maana mteja aliyejikuna kichwa asubuhi hiyo hatakiwi kutiwa dawa, dakika huhesabiwa kwa saa na si kwa kukisia, na shampuu ya kuua dawa hairukwi hata foleni ikiwa ndefu.

Haya yote mwanafunzi anaweza kuyakariri kwa wiki moja. Asichoweza kukiharakisha ni mwili wenyewe, na hapa ndipo penye jibu la swali letu. Nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi. Ritachi, yaani kutia dawa nywele mpya zilizoota, inasubiri zikue, kwa hiyo mteja aliyetiwa dawa leo hurudi baada ya wiki nane au zaidi. Mwanafunzi wa miezi mitatu aliyeruhusiwa kushika rilaksa wiki ya nne atamwona mteja wake tena wiki ya kumi na mbili, akiwa tayari anafungasha. Ataondoka bila kujua kama dawa aliyoipaka iligusa nywele za zamani zilizokwisha kunyooshwa, kosa ambalo hukata nywele katikati, polepole. Wa mwaka mmoja atakutana na kichwa kile kile mara nne au tano, na kila mara kichwa kitamwambia alichokosea.

Kucha nazo ni hivyo hivyo. Ukucha wa kidole cha mkono hukua milimita tatu hivi kwa mwezi, na ukichongwa kupita kiasi ili kubandikwa kucha bandia, huchukua karibu nusu mwaka kubadilika wote. Ngozi ya uso hujifanya upya kwa takriban wiki nne. Rasta zilizokazwa mno hula nywele za kwenye paji, lakini upara wake huja baada ya miezi, pengine miaka. Hata rangi ya nywele inadai subira: hupakwa kidogo nyuma ya sikio na kungojewa saa 48 kabla ya kuguswa kichwa, kwa sababu ya mzio.

Kozi ndefu huongeza pia mambo ambayo bango halitaji: namna ya kutakasa vifaa ili choa kisihame kutoka kichwa hadi kichwa, na wembe usibebe virusi vya hepataitisi B au vya UKIMWI, kusoma orodha ya viambato kwenye mkebe, maana zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini lakini krimu za kujichubua bado huuzwa, kisha hesabu za biashara na miezi ya mafunzo ya kazini.

Na kuna mtihani. Majaribio ya ufundi ya serikali husimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo Kisumu. Huanza na daraja la III, kisha II, kisha I. Njia ya taasisi za kiufundi hupanda kwa ngazi: ngazi ya 5 ni ya ufundi stadi na ya 6 ni diploma, ambayo kwa kawaida hudai C- ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne.

Aliye na shangazi Marekani atasikia hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa kule sheria huhesabu saa na kila jimbo lina yake. California ilipunguza kutoka saa 1,600 hadi 1,000 mwaka 2022. Majimbo mengi yamezoea 1,500. Ukisoma saa 35 kwa wiki, 1,000 ni kama miezi saba na 1,500 ni kama kumi. Bila saa hizo kwa kawaida hupati leseni.

Kwa hiyo kabla ya kulipa karo, uliza mwanafunzi hutiaje dawa: kwenye kichwa bandia au kwa mtu? Mtu huyo hurudi kwa mwanafunzi yule yule? Chuo humsajili mwanafunzi kwa mtihani gani, na ada ya mtihani iko ndani ya karo au nje?

Na mama aliyesuka miaka kumi sokoni Kibuye bila cheti hahitaji kukaa darasani miaka miwili na watoto wa kidato cha nne. Anaweza kujisajili moja kwa moja kwa jaribio la ufundi, akapimwa kwa kazi ya mikono yake. Miezi michache ya jioni ya kusomea dawa na usafi wa vifaa ndiyo itakayomfaa zaidi.